Jinsi Marekani na Urusi zilivyopoteza mkataba wa kuhesabiana silaha

MKATABA wa New START kati ya Marekani na Urusi ulifikia kikomo Februari 5, 2026. Marekani na Urusi hazikurushiana kombora siku hiyo. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1994, mataifa hayo mawili, ambayo kwa pamoja yanamiliki zaidi ya asilimia 85 ya silaha zote za nyuklia ulimwenguni, yalijikuta bila mkataba wowote unaowekea mipaka silaha zao za masafa marefu.

Mjadala mwingi kuhusu mkataba huo umejikita katika idadi ya silaha. Kilichoupa uhai, hata hivyo, ni ruhusa ambayo kila upande uliupa mwingine kuingia katika kambi zake za kijeshi na kujionea kwa macho. Ruhusa hiyo ilikoma karibu miaka sita kabla ya muda wa mkataba wenyewe kuisha.

Mkataba ulivyozaliwa

New START ulitiwa saini Aprili 8, 2010, jijini Prague, Jamhuri ya Czech, na Rais Barack Obama wa Marekani na mwenzake wa Urusi wakati huo, Dmitry Medvedev. Ujumbe wa Marekani katika mazungumzo uliongozwa na Bi Rose Gottemoeller na ule wa Urusi na Bw Anatoly Antonov. Vikao vingi vilifanyika Geneva, Uswisi.

Wajumbe hao walikuwa wakishindana na wakati. Mkataba uliotangulia, START I, ambao George Bush, baba, na Mikhail Gorbachev walitia saini mwaka 1991, ulikuwa uishe Desemba 5, 2009. Tarehe hiyo iliwapita kabla ya kuafikiana, na kwa zaidi ya mwaka mmoja hakuna mkaguzi aliyekanyaga kambi za upande wa pili.

Seneti ya Marekani iliuidhinisha mkataba mpya Desemba 22, 2010, kwa kura 71 dhidi ya 26, nao ukaanza kutekelezwa Februari 5, 2011.

Kila nchi iliruhusiwa kuwa na vichwa vya nyuklia 1,550 vilivyo tayari kutumika. Vyombo vya kuvibeba, yaani makombora ya kuvuka mabara, makombora ya nyambizi na ndege kubwa za kudondosha mabomu, havikupaswa kuzidi 700 vilivyo tayari. Mitambo ya kurushia makombora pamoja na ndege hizo, iliyo tayari na isiyo tayari, iliwekewa kikomo cha 800. Pande zote mbili zilitimiza viwango hivyo kufikia Februari 2018.

Ili kuelewa uzito wa tarakimu hizo, yafaa kukumbuka kwamba mwaka 1986, Vita Baridi vikiwa bado vinatokota, ulimwengu ulikuwa na vichwa vya nyuklia takribani 70,000. Mwaka 2025 wataalamu walikadiria kuwa vilikuwa vimesalia takribani 12,000. Punguzo hilo lilitokana kwa sehemu kubwa na kumalizika kwa uhasama wa enzi hizo na mikataba iliyofuata.

Ukaguzi ulivyofanywa

Mkataba uliruhusu kila upande kufanya ukaguzi mara 18 kwa mwaka. Wakaguzi walitoa notisi fupi, saa 32 tu kabla ya kuwasili, na kambi waliyotaka kuikagua waliitaja wakiwa tayari wametua nchini. Muda huo haukutosha kwa mwenyeji kuficha kombora au kulibadilisha.

Wakiwa kambini, wakaguzi walichagua kombora moja. Wenyeji walifungua sehemu yake ya mbele, vichwa vya nyuklia vikiwa vimefunikwa ili siri za muundo wake zisifichuke, nao wakaguzi wakahesabu. Kama tangazo rasmi lilisema kombora hilo lina kichwa kimoja, basi kilipaswa kuonekana kimoja.

Zaidi ya hayo, kila kombora na kila ndege vilipewa nambari yake ya utambulisho, na takwimu kamili zilibadilishwa kila baada ya miezi sita. Silaha ilipohamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine, upande wa pili ulijulishwa. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 2023, mataifa hayo yalikuwa yamefanya ukaguzi mara 328 na kupelekeana arifa zaidi ya 25,000.

Huenda msomaji akauliza kwa nini setilaiti zisitoshe. Setilaiti huona shimo la kurushia kombora, huona nyambizi ikitia nanga na ndege ikiwa uwanjani. Haioni kilichomo ndani ya ncha ya kombora. Kombora la Marekani aina ya Minuteman III, kwa mfano, hubeba kichwa kimoja ilhali liliundwa kuweza kubeba hadi vitatu. Aliye juu angani hawezi kutofautisha.

Hapo ndipo hatari ilipo. Jeshi lisilojua idadi ya silaha za hasimu wake hukisia idadi kubwa, kwa kuwa kosa la kukisia kidogo linaweza kuliangamiza taifa. Hasimu naye, akiona maandalizi hayo, huongeza za kwake. Mbio za silaha huweza kuanza hivyo pasipo yeyote kuwa na nia ya kupigana.

Macho yalivyofumbwa

Ukaguzi ulisitishwa Machi 2020 kwa sababu ya janga la Covid-19. Hatua hiyo ilikusudiwa kuwa ya muda, lakini ukaguzi haukurejea tena.

Mwaka huo huo, serikali ya Rais Donald Trump ilitaka Uchina ijumuishwe katika mazungumzo ya mkataba mpya. Wajumbe wa Marekani na Urusi walipokutana Vienna, Austria, mwezi Juni, mjumbe wa Marekani alisambaza picha ya bendera za Uchina zikiwa mezani mbele ya viti vitupu. Beijing, ambayo ilikuwa imekwisha kusema haitahudhuria, iliupuuza mwaliko huo kwa hoja kwamba hazina yake ni ndogo mno ikilinganishwa na za wakubwa hao wawili.

Rais Joe Biden alipoingia madarakani Januari 2021, mkataba ulikuwa umebakiza siku 16 tu. Pande hizo zilikubaliana haraka kuurefusha kwa miaka mitano. Hiyo ndiyo nyongeza ya pekee iliyoruhusiwa na mkataba wenyewe.

Kisha vikaja vita vya Ukraine mnamo Februari 2022. Agosti mwaka huo Urusi ilitangaza kwamba kambi zake hazitafunguliwa kwa wakaguzi, ikilalamika kuwa vikwazo vya nchi za Magharibi viliwazuia wakaguzi wake kusafiri. Kamati ya pamoja ya mkataba ilipangiwa kukutana Cairo, Misri, mwishoni mwa Novemba ili kutafuta suluhu, lakini Urusi ikauahirisha mkutano huo dakika za mwisho.

Februari 21, 2023, Rais Vladimir Putin alitangaza kuwa nchi yake inasimamisha ushiriki wake. Alidai Marekani ilihusika katika mashambulizi ya Ukraine dhidi ya kambi za ndege za nyuklia za Urusi, na kwamba haingii akilini kuwakaribisha Wamarekani katika kambi hizo hizo. Marekani ilishikilia kwamba kukubali ukaguzi ni wajibu usiofungamana na vita hivyo, nayo baadaye ikaacha kuipa Urusi takwimu na arifa zake.

Urusi iliahidi kutovuka mipaka ya idadi. Ahadi hiyo, hata kama ilitolewa kwa nia njema, haikuwa na njia ya kuthibitishwa kambini. Septemba 22, 2025, Bw Putin alipendekeza kwamba pande zote mbili ziendelee kuheshimu mipaka hiyo kwa mwaka mmoja baada ya mkataba kuisha. Bw Trump alisema lilionekana kuwa wazo zuri. Lakini pendekezo lenyewe halikurejesha ukaguzi, na tarehe ya kikomo ikafika.

Vikwazo vya makubaliano mapya

Wanaotafuta mkataba mwingine wanakabiliwa na masuala ambayo New START haukuyatatua. La kwanza ni Uchina. Wataalamu walikadiria mwaka 2025 kuwa ilikuwa na vichwa takribani 600, na Wizara ya Ulinzi ya Marekani imetabiri vitapita 1,000 kufikia mwaka 2030. Urusi nayo husema kwamba iwapo Uchina itaitwa, basi Uingereza na Ufaransa pia ziitwe.

La pili ni silaha ndogo za nyuklia zinazokusudiwa kutumiwa katika uwanja wa vita. Mkataba haukuzihesabu, na Urusi inazo nyingi kuliko Marekani.

La tatu ni kinga dhidi ya makombora. Marekani ilijiondoa mwaka 2002 katika mkataba wa 1972 uliowekea mipaka kinga hizo, na Mei 2025 Bw Trump akatangaza mpango mpana uitwao Golden Dome. Moscow huona kwamba mwenye ngao madhubuti atashawishika kutumia mkuki. Ndiyo maana imekuwa ikiunda silaha mpya za kuikwepa ngao hiyo, ikiwemo Poseidon, chombo kisicho na mabaharia kinachopita chini ya bahari.

Afrika katika suala hili

Kuna wanaoona kwamba haya ni mambo ya wakubwa. Lakini nchi za Afrika zilitoa ahadi zao zikitarajia wakubwa nao watatimiza za kwao. Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia (NPT), ulioanza kutekelezwa mwaka 1970 na ambao Kenya ni mwanachama, ulikuwa na pande mbili. Mataifa yasiyo na silaha hizo yalikubali kutozitafuta, na yale yenye nazo yaliahidi, katika Kifungu cha Sita, kujadiliana kwa nia njema kuhusu kuziondoa.

Afrika ilitimiza sehemu yake, na zaidi. Afrika Kusini ilibomoa mabomu sita iliyokuwa imeyaunda kwa siri, na mwaka 1993 Rais F.W. de Klerk akalitangazia bunge jambo hilo. Mwaka 1996, katika jiji hilo hilo la Cairo, nchi za bara hili zilitia saini Mkataba wa Pelindaba unaopiga marufuku silaha za nyuklia Afrika nzima. Ulianza kutekelezwa Julai 15, 2009, pale Burundi ilipokuwa nchi ya 28 kuuridhia.

Kwa upande wa wakubwa, mikutano ya kuutathmini mkataba wa NPT ya mwaka 2015 na 2022 ilimalizika bila tamko la pamoja.

Kenya yenyewe imekuwa ikipanga kujenga kinu cha umeme wa nyuklia. Ikifanya hivyo, itatakiwa kuwafungulia milango wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, wahesabu madini yake ya urani na kuhakikisha kwamba hakuna yaliyochepushwa. Haitaweza kuwaambia wakaguzi hao kwamba wategemee neno lake. Nchi isiyo na bomu hata moja inabanwa na sharti ambalo wenye maelfu wameshindwa kulitimiza baina yao.

Kwa sababu hiyo, wanadiplomasia wa Washington na Moscow wakileta mkataba mwingine, idadi ya vichwa itakayotangazwa siku ya kutia saini haitatosha kuupima. Itabidi kutazama kurasa zinazoeleza ni nani ataruhusiwa kuingia kambini, mara ngapi kwa mwaka, na kwa notisi ya saa ngapi.