Simba wa usiku: ulimwona au ulihadithiwa?

WALIOREJEA Juba kutoka kambi ya Kakuma wanalijua swali hili, na wengi hawalipendi: yule simba aliyemchukua mwenzako njiani, ulimwona kwa macho au ulimsikia kwa bibi?

Swali lina msingi wake. Mtoto wa Kidinka hulala akisimuliwa habari za simba-watu. Francis Mading Deng alizikusanya hadithi hizo katika kitabu chake cha mwaka 1974, na ndani yake mtu huweza kugeuka simba, akala wenzake, kisha akarudishwa utu. Mtoto hufunika uso kwa hofu, asubuhi akaenda kuchunga.

Kuanzia mwaka 1987, vita vilipochoma vijiji, maelfu ya watoto hao hao, wengi wao wavulana, walitembea hadi Ethiopia. Mara nyingi walikwenda usiku, kwa mstari mmoja, ndani ya nyasi ndefu. Simba halisi walikuwapo. Mwaka 1991 Mengistu alipoanguka walifukuzwa tena, wengi wakafa katika Mto Gilo, na mwaka uliofuata waliobaki wakafika Kakuma.

Mmoja wao, Valentino Achak Deng wa Marial Bai, alimsimulia maisha yake mwandishi wa Marekani, Dave Eggers. Kitabu kilitoka mwaka 2006 kwa jina la What Is the What. Msomaji atashangaa kuona kimeitwa riwaya ilhali mwenyewe yu hai. Deng anaeleza mwanzoni kabisa: alikuwa mdogo mno, hawezi kuapa kwa kila neno.

Tena msimulizi wa riwaya hiyo anakiri jambo ambalo wengi hulikwepa. Masimulizi ya vijana hao yalianza kufanana, kila mmoja akiwa na simba wake na mamba wake, kwa kuwa wasikilizaji waliwangojea wanyama hao. Wafanyabiashara wa mpakani wataelewa: mteja akiulizia bidhaa moja tu, ndiyo itakayojaa mezani. (Na hao ndio vijana walioandikiwa kambini kwamba wamezaliwa Januari 1, karibu wote.)

Hata jina la kitabu ni imani ya utotoni iliyotiwa shaka. Mungu alimpa Mdinka wa kwanza achague ng'ombe au Nini, kitu kisichojulikana. Akachagua ng'ombe. Mtoto huisikia kama sifa ya busara ya wazee. Ng'ombe wanapoporwa na kijiji kuwa majivu, huanza kuuliza hiyo Nini ilikuwa kitu gani, na nani aliipewa.

Kwa maoni yangu, anayewaita waongo hajawahi kutembea gizani nyuma ya mtu asiyemwona. Hofu yenyewe ilikuwa kugeuka na kukuta aliyekuwa nyuma yako hayupo. Huenda alikaa chini kwa kiu. Huenda ni homa, au kweli ni simba. Mtoto wa miaka saba hakuona kitu, ila alikuwa na jina moja tu la kinachochukua watu usiku, alilopewa na bibi yake.

Leo mtoto huyo ni mzee wa makamo. Mama wa yule aliyetoweka akimuuliza, "Mwanangu, ndugu yako alibaki wapi?" hana neno jingine la kumpa ila lile lile.