Kiswahili Kwenye Meza ya Magari
Wazazi wenzangu wa Marekani, magari ya plastiki ya kuunganisha ya miaka ya 1960 yametolewa upya. Mengi ya AMT ni ya kipimo cha 1/25: sentimita moja ya mfano ni sentimita 25 za gari lenyewe.

Kalibu ikiwa kuukuu, vipande hutoka na masalio kwenye kingo. Vioshe kwa maji ya sabuni, kata masalio, piga msasa, kisha vipachike bila gundi uone kama vinakaa. Gundi yake huyeyusha plastiki, na mvuke wake huumiza kichwa: fungua dirisha. Kisu ashike mkubwa.

Mwanangu wa miaka 9 hunijibu Kiingereza siku nzima. Mezani hapo husema mwenyewe, "Mama, shikilia, bado haijakauka." Baada ya wiki ya zamu za usiku, namshikilia.