Lugha ya Ukurasa wa Mbele wa Tovuti

Ukurasa wa mbele wa tovuti ni kama baraza ya nyumba: mgeni hupokewa hapo, na hapo huamua kuingia au kwenda zake. Kwa hiyo maneno yake hayana budi kuwa machache na yenye maana iliyo wazi.

Kosa lionekanalo mara nyingi ni kutumia jina mahali pa kitenzi. Huandikwa "Uwasilishaji wa maombi ya leseni", na msomaji asijue kama anapewa habari au anaelekezwa kutenda jambo. "Omba leseni" ni maneno mawili tu, nayo yatosha. Hapa Kiswahili kina nguvu yake: katika "jisajili" neno moja labeba agizo, tendo, na kiambishi -ji- kionyeshacho kwamba mtenda ndiye mtendwa.

Uteuzi wa neno nao wataka uangalifu. "Pakua" lilikuwa neno la shehena chomboni na chakula chunguni kabla ya kuhamia kwenye kompyuta. Wazo la kutoa kitu kilimo halikubadilika, hivyo maana yake si ngumu kukisia. "Ingia" lina utata: asiyesajiliwa huweza kuliona kuwa ni makaribisho, kumbe mlango wadai neno la siri. "Ingia kwenye akaunti yako" huondoa shaka.

Jambo hili si la mapambo. Asiyeuelewa ukurasa wa serikali hulazimika kumlipa mtu amjazie fomu, na pengine humwachia hata neno lake la siri.