Mmea wa Mitungi Ukigoma, Ukate

Je, wajua kuwa kuna mmea unaokula sisimizi? Jina lake la kisayansi ni Nepenthes. Spishi zake ni zaidi ya 150, nyingi zikiwa Borneo, Sumatra na Ufilipino, lakini ndugu zake wako hata huku kwetu Bahari ya Hindi: Madagaska, na kwenye milima ya mawe ya Ushelisheli. Mfaransa Étienne de Flacourt aliuelezea ule wa Madagaska tangu mwaka 1658.

Mtungi wenyewe ni sehemu ya jani. Ncha ya jani hurefuka ikawa uzi, na mwishoni mwa uzi hutokea kitu kidogo kama punje, kikavimba, kisha mfuniko ukafunguka. Ukingo wa mdomo una vijifereji vyembamba mno. Ukilowa umande, maji hutanda juu yake, na sisimizi aliyefuata utamu huteleza akatumbukia kwenye majimaji yanayomyeyusha. Hivyo ndivyo mmea unavyopata naitrojeni ambayo udongo wake maskini hauna.

Ndiyo maana ukiona mmea wako umedhoofika, usiukimbizie mbolea ya shambani. Mizizi yake haikuzoea chumvichumvi. Hata maji ya kisima huweza kuidhuru polepole. Upe maji ya mvua.

Mara nyingi kudhoofika huko wala si ugonjwa. Msituni mmea huu hupanda miti kufuata mwanga na kuacha shina tupu chini. Nyumbani nao hurefuka hivyohivyo, na hewa ikiwa kavu zile punje hunyauka kabla ya kuvimba. Yanabaki majani matupu.

Dawa ni kisu kikali. Wengi huogopa, nawasihi wasiogope. Chunguza pale jani linaposhikana na shina: juu yake kuna jicho lililolala. Ncha ya mmea ikiondolewa, macho ya chini huamka. Kata, ila bakiza vifundo kadhaa, na ikiwezekana majani machache.

Ulichokata usitupe. Kigawe katika mapando ya vifundo viwili vitatu, punguza kila jani nusu lisipoteze maji, chomeka kwenye kuvumwani mbichi, kisha funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Weka penye mwanga, si kwenye jua kali. Mizizi huweza kuchukua miezi kutoka, kwa hiyo usichomoe kila mara kuangalia.

Mmea mama ukiwa kwenye udongo uliooza na kushikana, ubadilishie. Vipande vya makumbi ya nazi vinafaa, mradi vimeoshwa mpaka chumvi iishe. Utakuta mizizi myembamba, myeusi tii. Watu huikata wakidhani imeoza, kumbe weusi ndio rangi yake. Ishike taratibu, maana hukatika upesi.

Kwa anayetaka mbegu, dume na jike ni mimea miwili tofauti, na pando la dume hubaki dume. Aliye na dume itabidi atafute mwenye jike linalochanua wakati uleule.