"Siwezi" na "Sijambo" katika Hojaji za Afya: Mfano wa Mbaraki

Makala haya mafupi yanakusudia kueleza kwa nini watu wenye afya iliyo sawa hutoa majibu yasiyo sawa kwa swali moja la hojaji. Mfano wetu ni Mbaraki, upande wa bandari ya Kilindini kisiwani Mombasa, ambako wenyeji wa Kimvita huchanganyika na watu waliotoka bara.

Tuchukue swali jepesi: "Je, unaweza kwenda sokoni?" Mzee wa Kimvita akijibu, "Siwezi, mwanangu," yamkini anasema kwamba ni mgonjwa. Maana hiyo ni ya zamani, na Johnson ameionyesha katika kamusi yake ya 1939. Kwa mchukuzi wa bandarini aliyejifunza Kiswahili shuleni, "siwezi" ni kukosa uwezo tu. Mdadisi huwaandikia wote wawili jibu moja, ilhali mmoja ametaja homa ya leo na mwingine udhaifu wa mguu. Ni kweli kwamba mtu akisema "siwezi kwenda" utata hupungua. Lakini ni nani ajibuye hojaji kwa sentensi kamili?

"Sijambo" lina taabu yake. Mgonjwa hulitamka kwanza, ndipo ataje maumivu. Hojaji ya SF-36, iliyotungwa Marekani na ambayo tafsiri yake ya Kiswahili kwa Tanzania ilielezwa mwaka 1999, huanza kwa kumtaka mtu aipime afya yake kwa daraja tano. Anayejibu "alhamdulillahi" ametimiza adabu. Bado hajapima kitu.

Hali kadhalika ukanushi. Katika maswali 20 ya SRQ, ya Shirika la Afya Duniani, kila "ndiyo" huhesabiwa alama moja ya dhiki. Moja huuliza kama mtu hulala vibaya. "Unalala vibaya?" laweza kueleweka kuwa ni habari ya mlalo, basi mfasiri huandika "Hulali vizuri?" Mswahili husema "Ndiyo", yaani ni kweli, silali. Aliyezoea Kiingereza husema "La, silali", na alama yake hupotea.

Hata hivyo, si kila tofauti ni kosa la swali; huenda wachukuzi ni wazima zaidi kweli. Kwa hiyo wapimaji hulinganisha kwanza watu wenye jumla sawa ya alama, kisha hutazama swali mojamoja. Njia hiyo ni nzuri, ila jumla yenyewe imejengwa kwa maswali yayo hayo. Kwa maoni yangu, kabla ya hesabu hatuna budi kumwuliza mzee: "Uliposema huwezi, ulikusudia nini?"