Mwani wa seli moja hauna mkia

Waungwana, kuna kosa limezoeleka, nami nimelifanya miaka mingi. Tukiona kidudu kinakwenda chini ya hadubini, tunasema "kinapiga mkia". Kwa klamidomonasi, mwani wa kijani wa seli moja unaoishi kwenye madimbwi na udongo wenye unyevu, sivyo kabisa. Mwili wake una upana wa mikromita 10 hivi, na mijeledi yake 2 iko mbele. Inauvuta, haiusukumi.

Mijeledi hiyo hupiga kama mara 50 kwa sekunde, mfano wa mtu anayeogelea kichura: inanyooka na kusukuma maji nyuma, kisha inajikunja na kurudi ikiambaa na mwili. Kwa nini ijikunje? Hapo ndipo penye utamu. Ngalawa, ukiacha kupiga kafi, bado inateleza kidogo. Mwani huu ukiacha kupiga unasimama papo hapo, manake kwa umbo dogo vile maji ni kama asali nzito. Mwanafizikia Edward Purcell alilieleza vizuri mwaka 1977: katika hali hiyo, ukienda na kurudi kwa njia ileile hufiki popote, hata ukifanya haraka namna gani. Unachopata kwa kwenda unakipoteza kwa kurudi. Kwa hiyo lazima njia ya kurudi iwe nyingine. Kwa ujanja huo mwani unakwenda mikromita 100 hivi kwa sekunde, mara 10 ya urefu wake.

Ndani ya mjeledi mna jozi 9 za vibomba, zimezunguka vibomba 2 vya katikati. Protini iitwayo daineini huisukuma jozi moja iteleze juu ya jirani yake, na kwa kuwa zimefungwa pamoja, mjeledi unapinda. (Wa bakteria ni kitu kingine: huo huzungushwa na mota shinani. Jina tu ndilo moja.)

Sasa mtu atauliza, yatuhusu nini? Muundo huohuo umo katika vinyweleo vinavyoondoa kohozi kwenye njia zetu za hewa, na katika mbegu ya mwanamume, ambayo ndiyo yenye mkia kweli. Daineini ikiwa na hitilafu, mtoto hukua na kifua kisichopona, na akiwa mwanamume huenda asizae. Kwetu, lawama anabebeshwa mke. Na mwaka 2000 watafiti walionyesha kuwa jeni moja ambayo mwani huu unaihitaji ili uote mijeledi, ikiharibika kwa panya, figo zake hujaa vifuko vya maji.