GPS ya mkononi: Mnunuzi wa Kamsamba aangalie nini

KATIKA bonde la Ziwa Rukwa, mfanyabiashara anayekodi mashamba ya mpunga au ufuta Kamsamba, wilayani Momba, hutembea kwanza ndipo atoe fedha. Huzunguka shamba, hukadiria ekari, kisha hupatana bei na mwenye shamba. Kipimo kilichozoeleka ni hatua 70 kwa 70.

Kipimo hicho kina hasara yake. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Mwenye hatua ya sentimita 90 hupata mita za mraba 3,969, na hapo hakuna ugomvi. Mwenye hatua ya sentimita 80 hupata 3,136 tu. Aliyelipia ekari 10 kwa hatua hizo ameondoka na ekari zisizofika nane.

Ndiyo maana kifaa cha GPS kinastahili kuhesabiwa miongoni mwa zana za biashara. Hupokea mawimbi ya setilaiti nne au zaidi na hakihitaji mtandao wa simu. Hadi Mei 2000, Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi ya matumizi ya kiraia, na kosa liliweza kufika mita 100. Tangu hapo, penye anga wazi, kosa ni mita chache.

Anayenunua azingatie mambo manne. Kwanza, kifaa kiwe na uwezo wa kukokotoa eneo. Vipo vya bei nafuu vinavyoweka alama za njia tu. Pili, betri. Kinachotumia betri za AA kinamfaa anayelala vijijini, kwani betri hizo hubadilishwa papo hapo. Tatu, maji. Alama ya IPX7 maana yake kinahimili kuzama mita moja kwa dakika 30, jambo la maana kwa mpita majaruba. Nne, kioo kisomeke juani, na vitufe vibonyezeke kwa mikono yenye tope.

Anayetumia ramani za zamani za serikali ajihadhari. Nyingi zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali kifaa huanza na WGS84. Asipobadili mpangilio, alama yake itakosea kwa takriban mita 300. Kanda ya Kamsamba ni UTM 36 Kusini.

Mwenye mashamba mawili matatu hana haja ya kuharakia dukani. Simu janja nyingi zina GPS ndani, na programu za kupima eneo zipo za bure. Udhaifu wake ni chaji, hasa kwa safari ya kutwa.

Hata hivyo, kwa kishamba cha nusu ekari, kosa la mita tatu au nne kila kona ni kubwa. Hapo futi kamba ni bora. Wala kipimo cha mfanyabiashara si mpaka wa kisheria. Hatimiliki ya kimila hutolewa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999.

Kabla ya kulipa, iwe Tunduma au Mbeya, mnunuzi apime kwa futi kamba uwanja wa mita 100 kwa 100, kisha auzunguke na kifaa. Jibu liwe karibu na ekari 2.47. Likiwa mbali, akirudishe kwa muuzaji.